Kukaza na Kuachia

Kifungio cha skii ni kifaa kidogo kinachoshikiza buti la mtelezaji kwenye ubao mrefu anaoukanyaga. Kina kazi mbili zisizopatana. Kwanza kinatakiwa kikaze, ili mguu ukigeuka kidogo ubao nao ugeuke. Bila hivyo mtelezaji ni abiria tu. Pili kinatakiwa kiachie, ili ubao ukinasa kwenye theluji na mwili bado unakwenda kasi, buti lichomoke kabla mfupa haujavunjika. Kwa maelfu ya miaka mafundi walishughulikia kazi ya kwanza peke yake. Ya pili ilianza kupewa uzito katika karne ya 20, baada ya miguu mingi kuvunjika.

Meru na Embu, kando ya Mlima Kenya, ni nchi ya chai, kahawa, miraa na muguka, na skii huko huonekana kwenye televisheni tu, Olimpiki ya majira ya baridi inapowadia. Theluji yenyewe si ngeni. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Nkubu, Chogoria, Chuka au Runyenjes huuona Mlima Kenya ukiwa na weupe kileleni. Kilele kirefu kuliko vyote ni Batian, mita 5,199; jirani yake Nelion ana mita 5,188; na Lenana, ambacho watembeaji wa kawaida hukifikia, kina mita 4,985. Mito ya upande huu, kama Rupingazi, Thuci na Nithi, huteremka kutoka miteremko hiyo kwenda kuungana na Tana.

Mchezo wa skii haukupata makao katika mlima huu. Mito ya barafu iliyobaki ni mifupi, imezingirwa na mawe, na inazidi kuisha: ule wa Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Hata hivyo, fumbo la kifungio cha skii limo mlimani humo kwa sura nyingine. Kila anayepanda juu ya mstari wa mawe na barafu amefungwa na kitu, ama kamba kiunoni ama meno ya chuma chini ya buti, na daima swali ni lile lile: kitu hicho kikizidiwa, nini kitavunjika kwanza? Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Historia ya usalama wa vifaa vya theluji ni historia ya watu waliojifunza kuchagua pembamba pawe wapi.

Vifungio vya kale vilikuwa ukanda. Skii za mbao zilizofukuliwa kwenye matope ya Skandinavia na Urusi zina umri wa miaka elfu kadhaa, na namna ya kuzivaa haikubadilika sana hadi karne ya 19: ukanda wa ngozi uliopita juu ya vidole, kisigino kikiwa huru. Kwa mwindaji au mpeleka barua aliyekuwa akivuka uwanda wenye theluji, ukanda huo ulitosha. Akianguka, mguu ulichomoka wenyewe. Alikuwa salama bila mtu yeyote kukusudia usalama, kwa sababu kifungio kilikuwa dhaifu kuliko mguu. Gharama yake ilionekana kwenye mteremko: ubao ulipinda huku mguu ukielekea kule, na aliyejaribu kuruka angeweza kutua bila skii zake.

Mabadiliko huhusishwa na Sondre Norheim, mkulima mdogo wa Morgedal katika mkoa wa Telemark, Norway, aliyezaliwa 1825. Norheim alisokota fito za mti na kuzizungusha nyuma ya kisigino, buti likashikwa mbele na nyuma. Fito hizo zilikuwa na unyumbufu. Kisigino kiliweza kuinuka lakini hakikuteleza pembeni. Mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 42, alikwenda Christiania, mji unaoitwa Oslo leo, akawashinda vijana wa mjini kwa kuruka na kukata kona kwa namna ambayo wengi hawakuwa wameiona. Baadaye alihamia Marekani, na alifariki huko North Dakota mwaka 1897. Fito zake zilifungua mlango wa skii ya mteremko, na kupitia mlango huo huo mivunjiko ya mifupa ikaingia.

Kuanzia hapo kila fundi aliongeza nguvu ya kushika. Fritz Huitfeldt, Mnorway, alileta mwaka 1894 kifungio chenye masikio mawili ya chuma yaliyobana ncha ya buti kutoka kushoto na kulia. Masikio hayo yaligongwa kwa nyundo hadi yalingane na upana wa buti la mwenyewe, na ukanda ukavutwa nyuma ya kisigino. Huko Lilienfeld, Austria, Mathias Zdarsky alitengeneza katika miaka hiyo hiyo kifungio chenye bamba la chuma chini ya soli, bawaba mbele na springi ya kulirudisha, kwa sababu miteremko ya milima ya Alps ni mikali kuliko ya Norway na ilihitaji utawala zaidi wa ubao. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Guido Reuge wa Uswisi aliingiza sokoni kifungio kilichoitwa Kandahar: waya wa chuma uliozunguka kisigino, ukakazwa kwa wenzo uliokuwa mbele ya buti, na vishikio vya pembeni vilivyoubana waya huo chini ili kisigino kisiinuke wakati wa kuteremka. Sasa mguu na ubao vilikuwa kitu kimoja.

Ubora huo ndio uliokuwa hatari. Skii ya mtu mzima ilizidi mita mbili kwa urefu. Fundi wa magari akishindwa kufungua nati ya gurudumu huchomeka bomba kwenye mpini wa spana, na nguvu ile ile ya mkono wake hugeuka kuwa kubwa mara kadhaa. Skii ndefu ndilo bomba lenyewe, na nati ni mguu. Ncha ya ubao ikinasa kwenye kichaka au theluji nzito, huku mwili ukiendelea kuzunguka, msokoto wote huishia mahali penye ukinzani mdogo zaidi. Ukanda wa kale ungefunguka. Waya wa Kandahar haukufunguka. Pembamba pakahamia kwenye muundi na kifundo cha mguu, na vifungio vya aina hiyo vikapewa jina la utani la mtego wa dubu.

Mtu aliyeligeuza wazo hilo ni Hjalmar Hvam, Mnorway aliyehamia Marekani na kuishi Portland, Oregon, akiwa bingwa wa kuruka na kukimbia kwa skii. Mwaka 1937 alivunjika mguu mlimani. Alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi baada ya upasuaji, alieleza baadaye, aliomba penseli na karatasi, akachora kifungio kilichokuwa kikimsumbua akilini. Mchoro huo ulikuwa wa kipande cha mbele kinachozunguka juu ya mhimili: mtelezaji akienda sawa kinabaki kimefungwa, mguu ukisokotwa kupita kiasi kinageuka pembeni na kuliacha buti. Alianza kukiuza mwaka 1939. Mtengenezaji wa kifaa cha michezo alikuwa akimwambia mnunuzi kwamba fahari ya kifaa hicho ni kushindwa kwake.

Wazo lilichukua muda kukubalika, kwa sababu lilikwenda kinyume na hisia ya kila mteremkaji. Kifungio kinachoweza kufyatuka kinaweza pia kufyatuka wakati usiofaa, katikati ya kona juu ya mwamba, na kumwacha mtu na mguu mmoja ulio na ubao na mwingine usio nao. Wanamashindano waliogopa hilo kuliko kuvunjika. Baada ya Vita Kuu vya Pili kazi ikawa ya kutafuta kifungio kinachotofautisha tikiso na ajali. Mfaransa Jean Beyl, aliyekuwa na kampuni ya Look, na Mjerumani Hannes Marker walileta mwanzoni mwa miaka ya 1950 vifungio vya mbele vyenye springi iliyoruhusu buti kusogea kidogo pembeni na kurudi mahali pake, mradi nguvu iwe ya mpigo mfupi. Nguvu ikiendelea, springi huvuka ukomo wake na buti hutoka. Nafasi hiyo ya kusogea bila kuachia ndiyo iliyowashawishi wanamashindano.

Hata springi nzuri haikutosha peke yake. Buti la ngozi lililolowa lilivimba, soli yake ikasugua bamba la chini, na msuguano huo ulikula hesabu yote: kifungio kilichopimwa dukani kwa mkono kilikuwa kingine kabisa mlimani, uzito wa mtu ukiwa umekaa juu yake na matope yameganda kati ya soli na ubao. Suluhisho lilikuwa bamba laini la kupunguza msuguano chini ya vidole, na soli za plastiki zenye umbo moja kwa watengenezaji wote. Mabuti ya plastiki yaliyoenea miaka ya 1960 na 1970 yalikinga kifundo cha mguu, kwa kuwa hayakipi nafasi ya kupinda. Nguvu ikapanda juu kidogo, na muundi ukaanza kuvunjika pale ukingo wa buti unapoishia.

Jambo dogo la kamba ya usalama linaonyesha jinsi tiba huzaa maradhi. Kifungio kilipoanza kufyatuka, skii iliyoachiwa ilishuka mlima peke yake kwa kasi na kuwagonga watu wa chini. Ikaamriwa ifungwe kwa kamba kwenye kifundo cha mtelezaji. Aliyeanguka sasa aliviringika pamoja na ubao wenye kingo za chuma kali, ukizunguka kama panga na kumkata usoni na kichwani. Miaka ya 1970 likaja breki la skii: vijiti viwili vinavyokaa vimelala pembeni buti likiwa ndani, na kushuka na kuchimba theluji mara tu buti linapotoka. Ubao husimama karibu na mwenyewe, na hakuna kinachomfunga tena.

Kipimo cha kufyatuka hakiachiwi hisia. Viwango vya kimataifa vya ISO, vilivyokua kutokana na vile vya Ujerumani vinavyojulikana kwa herufi DIN, huweka mizani moja kwa vifungio vyote. Katika karakana ya kukodisha skii, fundi humwuliza mteja uzito wake, urefu wake, umri wake na namna anavyoteleza: kwa uangalifu, kwa wastani au kwa ukali. Kisha hupima urefu wa soli ya buti kwa milimita, maana soli ndefu ni wenzo mrefu. Huangalia jedwali, hupata namba, huingiza bisibisi kwenye skrubu iliyo puani mwa kifungio na kuizungusha hadi alama ndogo ndani ya kidirisha ilingane na namba hiyo. Kisha hufanya hivyo hivyo nyuma kwenye kisigino. Mtoto wa chini ya miaka 10 na mtu aliyetimiza 50 huteremshwa ngazi moja, kwa sababu mifupa yao haistahimili kiasi kile kile. Mwisho kifungio hupimwa kwa mashine ya kusokota, kwa kuwa springi iliyochoka inaweza kusoma 6 na kufanya kazi kama 4.

Kinachovutia katika utaratibu huo ni swali la namna ya kuteleza. Anayejiita hodari huwekewa namba ya juu zaidi, maana kasi yake na kona zake hutikisa kifungio zaidi na yeye mwenyewe amekubali hatari ya mfupa ili asipoteze ubao. Anayejisifu bure hujidhuru: kifungio chake kitamwamini, hakitafunguka siku atakapoanguka polepole kama mwanafunzi. Hapo usalama wa chuma hutegemea ukweli wa maneno yaliyosemwa kaunta.

Matokeo yamepimwa kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1972, katika eneo la skii la Sugarbush jimbo la Vermont, Marekani, daktari Robert Johnson pamoja na Carl Ettlinger na Jasper Shealy waliandika kila jeraha lililofika kliniki ya hapo na kukagua vifaa vya aliyeumia. Kazi yao iliendelea kwa miongo. Ilionyesha kwamba mivunjiko ya muundi ilipungua sana vifungio vilipoboreshwa na kuwekwa sawasawa. Ilionyesha pia kwamba majeraha ya kano ya ndani ya goti, ile inayozuia muundi usiteleze mbele ya paja, yaliongezeka. Mtelezaji anapokaa nyuma na makalio kushuka chini ya magoti, mkia wa skii hushika theluji na kulisokota goti. Msokoto huo hautoshi kufyatua kifungio, lakini unatosha kukata kano. Kifungio husikia nguvu inayopita kwenye buti. Hakisikii kinachotokea kwenye goti. Pembamba pamepanda tena, kutoka kifundo hadi muundi, kutoka muundi hadi goti.

Wakenya wawili walioingia katika historia ya mchezo huu walisimama juu ya vifungio viwili tofauti. Philip Boit wa Eldoret, mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa Finland mwaka 1996 kwa ufadhili wa Nike ajifunze skii ya masafa marefu, na Februari 1998 huko Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio za kilomita 10 alifika wa mwisho, wa 92, dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngojea mstarini ili amkumbatie. Kifungio cha Boit kilikuwa mjukuu wa kile alichobuni Bror With nchini Norway mwaka 1927: hushika ncha ya kiatu tu, kisigino hupanda na kushuka kwa kila hatua. Kifungio cha aina hiyo hakina springi ya kufyatuka, na hakiihitaji, kwa kuwa kiatu ni laini, kasi ni ndogo, na kisigino kilicho huru huondoa sehemu kubwa ya wenzo. Boit alianguka mara nyingi akijifunza, na akainuka tena.

Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998 na kukulia Austria tangu utotoni, alichagua mteremko. Mwaka 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki hiyo, na katika mbio za super-G alimaliza wa 38. Mbio hizo huendeshwa kwa kasi ya magari ya barabara kuu. Buti hubanwa mbele na nyuma, na namba ya kifungio cha mwanamashindano hupita mbali ile ya mtalii, kwa sababu kufyatuka mapema katika kasi hiyo ni ajali yenyewe. Kati ya Boit na Simader kuna mafundisho yote ya kifungio: kadiri mtu anavyotaka kuutawala ubao, ndivyo anavyopaswa kuukabidhi mguu wake kwa springi.

Katika Mlima Kenya chombo kinachofanana na skii ni kramponi, fremu ya meno ya chuma inayofungwa chini ya buti ili mtu asiteleze kwenye barafu. Halford Mackinder alipofika Batian mwaka 1899 akiwa na waelekezi César Ollier na Joseph Brocherel wa Courmayeur, Italia, njia yao ilivuka barafu ngumu kiasi kwamba waliiita ya almasi. Vidato vilikatwa kimoja kimoja kwa shoka, na kipande kifupi kikala saa kadhaa. Miaka kama kumi baadaye, katika mji huo huo wa Courmayeur, mhunzi Henry Grivel alifua kramponi za meno kumi kwa mchoro wa Mwingereza Oscar Eckenstein, na mwaka 1929 mwanawe Laurent akaongeza meno mawili yanayoelekea mbele. Kwa meno ya mbele mtu hupanda ukuta wa barafu bila kukata vidato. Mnamo Oktoba 1973, Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge walipanda kwa mara ya kwanza mfereji mkali ulio chini ya barafu hiyo ya almasi.

Kramponi haina mahali pa kufyatuka, na haipaswi kuwa napo: ikitoka mguuni ukutani, mpandaji ameanguka. Lakini sheria ya pembamba inabaki. Mtu akiteleza juu ya theluji ngumu na jino moja likashika, kifundo cha mguu huvunjika kama kilivyovunjika kwa watelezaji wa zamani. Kwa hiyo mwanafunzi wa milima hufundishwa kwamba, akiteleza huku amevaa kramponi, ainue miguu na kujizuia kwa shoka lililobanwa kifuani. Kazi ambayo springi humfanyia mtelezaji, mpandaji huifanya mwenyewe kwa mazoea. Ukanda wa kramponi nao una ugumu wake. Usiku wa kwenda Lenana, kwenye baridi ya kabla ya alfajiri, vidole vilivyokufa ganzi hukaza bizimu kupita kiasi na damu haifiki vidole vya miguu. Vikilegeza, fremu husogea pembeni kwenye hatua ya kumi.

Mfano mashuhuri wa vifaa vya kubuni katika mlima huu ni wa Januari 1943. Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki kwa nia ya kupanda mlima na kurudi. Kramponi zao zilifuliwa kwa vyuma chakavu, shoka zao zilikuwa nyundo zilizogeuzwa, na kamba zao zilisokotwa kwa mkonge. Februari Benuzzi na Balletto walishindwa Batian, wakafika Lenana na kuacha bendera, na wote watatu wakarudi kujisalimisha kambini baada ya siku 18. Mkonge una nguvu, lakini haunyumbuki. Mtu akianguka mita kadhaa na kamba isiyonyumbuka ikamsimamisha ghafla, mshtuko huingia wote kwenye mbavu zake, kwenye fundo au kwenye kamba yenyewe. Bahati ya watu hao ilikuwa kwamba kamba yao haikupewa mtihani huo.

Kamba za nailoni zilizoenea baada ya vita zilileta katika upandaji kile ambacho Hvam alikileta katika skii. Kamba ya kupandia hairuhusiwi kuachia, basi hupewa ruhusa ya kuvutika. Kipimo cha shirikisho la kimataifa la wapandaji, UIAA, huangusha uzito wa kilo 80 kwenye kamba mpya na kudai kwamba mshtuko unaomfikia anayeanguka usizidi kilonewtoni 12. Kifungio hufunguka, kamba hunyumbuka. Vyote viwili hukubali kushindwa kiasi ili mwili usishindwe kabisa.

Kushindwa huko kwa kiasi kulionekana Septemba 1970. Daktari kijana wa Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian jiwe lilipochomoka, na mfupa wa mguu wake ukavunjika hadi ukatokeza nje. Kamba ilimzuia asifike chini. Mwenzake Oswald Ölz alimhudumia, akashuka kutafuta msaada, akarudi. Wapandaji wa Kenya walihangaika kumtoa kwenye mwamba, helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka na rubani wake Mmarekani Jim Hastings akafa, na hatimaye waokoaji waliosafirishwa kutoka Innsbruck walimteremsha akiwa hai, zaidi ya wiki moja baada ya kuanguka. Banda la Austrian, linalolaza wapandaji chini ya Lenana, lilijengwa kwa shukrani ya Waaustria. Kisa hicho kinaonyesha mpaka wa kifaa: kamba iliokoa uhai kwa sekunde moja, kisha wanadamu walihitaji siku nyingi na maisha ya mtu mmoja kuukamilisha wokovu huo.

Upande wa mashariki, msafara wa siku hizi huanzia Chogoria, mji uliokuwa zamani katika Wilaya ya Meru na sasa uko Tharaka-Nithi, hupita msitu hadi mabanda yaliyo kwenye mita 3,000 hivi karibu na lango la hifadhi, kisha Ziwa Ellis au Hall Tarns juu ya bonde la Gorges, na Lenana. Wengi hawahitaji kramponi katika miezi ya kiangazi, na wengi hukodi wanachohitaji. Vitu vya kukodi ndivyo vinavyofanana zaidi na skii ya karakana: vimepita miguu mingi, na historia yao haijulikani kwa anayevivaa. Kramponi hukaguliwa kwa kuivaa kwenye buti litakalotumika, mchana, kuinua mguu na kuutikisa; ikining'inia ni ya mtu mwingine. Kamba hupitishwa yote kati ya vidole kutafuta sehemu laini au iliyovimba, na kamba iliyowahi kumzuia mtu aliyeanguka vibaya huondolewa kazini hata ikiwa safi. Buti la kuazima lililo kubwa huacha vidole vya mtu visukumwe mbele kwenye kila mteremko.

Kanuni zinazotokana na historia hii ni chache. Kifaa kigumu kuliko mwili huuvunja mwili. Kifaa kinachoachia kinahitaji kipimo, na kipimo kinahitaji mtumiaji asemaye kweli juu ya uzito wake, umri wake na uhodari wake. Kifaa kisichoweza kuachia kinahitaji mazoea yatakayoachia kwa niaba yake. Na kila kinga mpya inapoziba jeraha moja, ni lazima mtu aendelee kuandika majeraha kwenye daftari, kama walivyofanya Vermont, mpaka ionekane pembamba pamehamia wapi.